Dawa ya Kushikisha Mpira na Chuma

Kalamu Tatu aliitwa hivyo kwa sababu ya kalamu alizochomeka mfukoni mwa koti, nyekundu, nyeusi na buluu, zote hazina wino. Siku hiyo alikuwa mgahawani anakunywa chai aliyonunuliwa na mtu asiyemjua vizuri, akasikia madereva wawili wakilalamika. Mipira ya kushikilia injini waliyonunua karakana ya nyuma ya soko ilikuwa inabanduka kwenye vyuma vyake kabla hata wiki haijaisha. Mwenye karakana amefariki, walisema, na sasa inaendeshwa na mjane wake, mwanamke wa saluni asiyejua nati wala bolti.

Kalamu Tatu akashusha kikombe taratibu, kwa heshima zote zinazomstahili marehemu. Riziki ilikuwa imeshajipakua yenyewe sahanini, yeye kazi yake kunawa mikono tu.

Asubuhi iliyofuata alimkuta mama huyo katikati ya masanduku ya mizigo iliyorudishwa. Shemeji yake, msimamizi wa tanuri, alikuwa anabandua mpira kwenye chuma kwa kidole kimoja, kama anamenya ndizi.

"Pole na msiba, mama," alisema Kalamu Tatu. "Na hivi vyuma navyo ni msiba mwingine. Chuma na mpira ni kama watu waliogombana. Gundi peke yake haiwapatanishi. Wanahitaji mshenga."

Akatoa chupa ya maji ya buluu.

"Mshenga ndiye huyo?" aliuliza shemeji.

"Ndiye huyu. Amesoma ng'ambo."

Mshenga alikuwa spiriti iliyotiwa bluu ya kufulia. Kazi yenyewe ilikuwa imeshafanyika jana chumbani kwake. Chuma cha mfano alichokuja nacho alikikwangua kwa msasa mpaka kikapoteza mng'aro, akakiosha kwa petroli na kukifunga kwenye kitambaa safi, ujanja aliouokota kwa fundi viraka wa baiskeli. Sasa alidondosha tone moja tu la dawa, tena pembeni, lisije likaharibu mambo. Wakapaka gundi ileile ya karakana, wakabandika mpira, wakaingiza kwenye tanuri.

Kilipopoa, shemeji alivuta kwa koleo mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Mpira ulichanika katikati, lakini kwenye chuma haukubanduka.

Mama akakichukua, akapitisha ukucha kwenye kona iliyobaki wazi.

"Pipa zima la dawa hii ni shilingi ngapi?"

Kalamu Tatu akataja bei ya pikipiki mpya. Mama hakushtuka.

"Nitalipa. Ila hiki chuma ni chako. Leo jioni mteja anakuja kuchukua mipira mia na themanini, na akikuta inabanduka, ndiyo mwisho wa karakana hii. Vipake dawa vyuma vyangu vyote. Ikishika, pesa yako utaichukua hapahapa."

"Itabidi nikae peke yangu. Ni siri ya kampuni."

"Stoo ile pale. Jifungie."

Akajifungia. Akatoa vipande viwili vya msasa kwenye mkono wa koti na kichupa cha petroli mfukoni, akaanza kukwangua na kuosha, moyoni akiendesha pikipiki. Kila baada ya vyuma ishirini alivipitisha dirishani, na shemeji akavipokea kwa kitambaa bila kuvigusa kwa vidole, akavibandika mpira na kuviingiza kwenye tanuri. Hilo lilipaswa kumtia wasiwasi. Kufika cha sabini, msasa ulikuwa laini kama karatasi ya daftari. Akawa amekaa anauangalia, ndipo chini ya mlango ukapenya msasa mpya. Ukafuata wa pili, kisha wa tatu.

"Huo ni namba themanini, baba," ilisema sauti ya mama. "Huo wako ni laini mno, unakuchelewesha."

Kalamu Tatu akauokota ule wa kwanza.

"Nimebandika kucha za plastiki saluni miaka tisa," mama aliendelea kwa upole. "Kucha ikiwa na mafuta, au usipoikwangua kwanza, bandia haikai. Sikujua kama chuma nacho ni hivyohivyo. Umenifundisha, ahsante. Sasa vimebaki mia na kumi. Ukimaliza, utapata chakula na nauli. Usipomaliza, shemeji anafahamiana na askari wa mtaa huu."

"Na pipa?"

"Bluu ya kufulia ninayo nyumbani."

Saa kumi na moja mteja alifika, akavuta mipira sita kwa koleo lake mwenyewe, yote ikagoma. Akauliza nani kaifanya kazi hii. Mama akamwonyesha Kalamu Tatu, aliyekuwa mlangoni ana vumbi la chuma mpaka kwenye kope.

"Ni fundi wetu mpya," alisema.

Mteja akamshika mkono kwa nguvu, pale pale palipochunika. Kalamu Tatu akatabasamu huku machozi yakimlengalenga.

"Wiki ijayo nataka mia nne," alisema mteja. "Awe huyuhuyu."

"Atakuwepo," alisema mama. "Saa mbili asubuhi."

Kalamu Tatu alifungua kinywa akatae, akamwona shemeji anamtazama, akauliza kama msasa namba themanini utakuwepo.