Laisini ya Kambare Wetu Imekwenda Wapi?

Kwa Bwana Meneja,
Kiwanda cha Chakula cha Samaki.

Natumaini barua hii itakukuta umeshiba. Kambare wa baba yangu hawajashiba, ndiyo maana nakuandikia.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la nane hapa Delta ya Mississippi. Baba amesema kambare wasipofika ratili moja na nusu ifikapo Septemba, atalikausha bwawa, alifukie, apande soya kama majirani. Nalipenda bwawa hilo. Kwa hiyo nalalamika ifuatavyo:

1. Mfuko wenu umeandikwa "PROTINI ASILIMIA 32" kwa herufi kubwa kuliko za jina la kanisa letu, ila kiasi cha laisini hakikutajwa. Mwalimu wetu, Bi Cato, ametufundisha kwamba protini hujengwa kwa asidi amino, na kambare anahitaji kumi asizoweza kujitengenezea mwilini, na laisini ndiyo hupungua kwanza. Ni kama kushona gauni: kitambaa kiwe kingi namna gani, uzi ukiisha, fundi amekwisha.

2. Nilimuuliza muuzaji wenu, Bwana Tolliver. Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "We binti, protini ni protini! Samaki hajui kusoma." Ni kweli, kusoma hajui. Kukonda anajua.

3. Manyoya ya kuku nayo ni protini. Kofia ya Bwana Tolliver ni ya sufu, basi ni protini vilevile. Naomba aile mchana mbele ya wakulima, aanzie ukingoni. Nitampima uzito kila Ijumaa bila malipo.

4. Ushahidi ninao. Kwa wiki nane nimefuga kambare katika matangi mawili barazani. Tangi la kwanza hupewa chakula chenu kitupu. La pili, chakula hichohicho pamoja na laisini niliyopewa na Bi Cato. Wa kwanza wamekuwa kama penseli. Wa pili wanageuka kwa shida kwa unene.

5. Kwa hiyo kiwanda kifungwe, au kikabidhiwe darasa letu. Tuko ishirini na sita, na sote tunajua kusoma.

Wasalimie wapimaji wa maabara yenu, kama mnao. Kama hamna, kazi hiyo naiomba mimi likizo ijayo.

Wako katika ukweli uliopimwa,
Jerelyn Pettway

Baada ya sahihi: Nimemsomea barua hii Bibi Odelle, ambaye hulisha matangi siku ninazokwenda mazoezi ya kwaya. Akasema, "Mjukuu wangu, wale wa pili nilikuwa nikiwapa maini ya kuku. Walinitazama sana." Nikamuuliza, na wale wa kwanza? "Si uliandika jina la kiwanda kwenye tangi lao? Nimpe kiumbe wa Mungu chakula cha Tolliver? Nilikimwaga kwenye maua."

Maua yamestawi ajabu. Ushahidi sina tena, ila Septemba iko palepale. Tafadhali niandikie kiasi cha laisini kilichomo. Safari hii nitawalisha mwenyewe.