Hatua Elfu Sita za Malkia

Mungu hamnyimi mja wake kila kitu. Mbaruku alinyimwa duka, alinyimwa cheti, alinyimwa hata meza ya kupangia soksi pale Mtaa wa Kongo, lakini alipewa mdomo. Kwa mdomo huo angeweza kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe, kisha akamrudishia chenji pungufu.

Mwaka huo mdomo ulikuwa umechoka, unataka kuoa. Mahari ya Siti, laki nane, Mbaruku alikuwa ameshaikusanya na kuihifadhi kwenye simu yake. Bado kodi ya chumba, kitanda na pilau. Halafu kulikuwa na sharti la Mzee Abdulswamad, baba yake Siti: alitaka mkwe mwenye kazi ambayo mtu anaweza kuitaja mbele za watu bila kukohoa.

Asubuhi moja Mbaruku alikuwa Kariakoo, dukani kwa Nurdin muuza saa, akimsaidia kunywa kahawa yake. Nurdin alikuwa akililalamikia katoni la saa za watoto, zile za kuhesabu hatua, ambazo hazikupata mnunuzi tangu sikukuu. Mara akaingia Mama Evelyn, mama wa Kichaga aliyefuga ng'ombe wanane uani kwake Kigogo. Kila siku aliwaletea wenye maduka maziwa, na kurudi na viroba vya majani ya kabichi kutoka sokoni. Siku hiyo alikuwa na habari ya redioni: eti kuna mikanda ya shingoni inayopima joto la ng'ombe na kucheua kwake, kisha inamtumia mfugaji ujumbe kabla ugonjwa haujaonekana. Alisema angekuwa nayo mwaka jana, asingempoteza ndama wake.

Mbaruku akalitazama katoni. Akamtazama mama. Akakiweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyesikia adhana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mikanda hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi ni wakala."

Nurdin akakohoa, lakini katoni ni katoni, akanyamaza.

Siti, ambaye alikuwa fundi cherehani jirani na Mnazi Mmoja, alishona mikanda minane ya turubai na kila mmoja akauwekea mfuko wa saa. Hakuuliza ni ya nini. Alikwisha kujifunza kwamba swali kwa Mbaruku huzaa maneno mengi na jibu halimo. Mbaruku akaenda Kigogo, akajifunga leso puani, akawavisha ng'ombe mmoja mmoja upesi upesi kwenye vizimba vyao vyembamba, akianza na Malkia, kisha akaeleza masharti. Mkanda mmoja ni laki moja na nusu. Wiki ya kwanza ni ya majaribio, bure.

Ujumbe ulitoka kitandani kwake Mchikichini, kila asubuhi kabla hajapiga mswaki. Joto alilinakili kutoka kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani katika duka la dawa za mifugo. "Malkia, joto 38.6. Kucheua: vizuri sana." Jumatano maneno yakamwishia. Jana yake alikuwa ameizunguka Kariakoo mpaka nyayo zikawaka moto, basi akaandika: "Malkia ametembea hatua 6,000. Mazoezi mazuri." Mama Evelyn akajibu, "Asante mwanangu, Mungu akuzidishie." Jibu hilo lilimpa moyo sana. Alhamisi akaandika kwamba Malkia ana mimba ya miezi saba.

Jumamosi aliitwa kwenda kuchukua malipo. Alikuta jumuiya ya Mama Evelyn imekwisha kusali na sasa inakunywa chai, familia kumi na mbili, nyingi zikiwa za wafugaji. Mbaruku aliwahesabu kwa macho, shingo za ng'ombe wao pia akazihesabu.

Ni lazima isemwe kwa haki kwamba Mama Evelyn hakusema uongo hata mmoja, kwani ilikuwa Kwaresima. Alisoma tu kwa sauti ujumbe wote, mmoja baada ya mwingine. Mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Wilbert, akauliza ng'ombe mwenye afya ya namna hiyo, tena mwenye mimba, anauzwa shilingi ngapi. Sauti kadhaa zikasema milioni mbili, ukibahatika.

"Mwanangu," Mama Evelyn akasema, "mikanda minane ni milioni moja na laki mbili, na mimi fedha taslimu sina. Mchukue Malkia, uniongezee laki nane. Au mashine yako inakosea?"

Chai ikasimama midomoni. Mbaruku alimtazama Malkia. Nyonga zilimchomoza kama enga ya kutundikia koti, na alikuwa na macho ya mtu aliyestaafu zamani. Lakini familia zote kumi na mbili zilikuwa zikimtazama yeye.

"Mashine haikosei," alisema, na mahari ya Siti ikaondoka kwa tarakimu nne za siri.

Mzee Wilbert akaandika karatasi kwamba mnunuzi ameridhika na afya ya ng'ombe kwa ushahidi wa mashine yake mwenyewe. Wakatia sahihi. Kisha akamshika Mbaruku bega kwa upole. "Na sisi tutanunua mikanda, kijana. Malkia akizaa tu."

Njia nzima bajaji zilimpigia honi. Msimbazi, Malkia alikula mafungu mawili ya mchicha wa mtu, yakalipwa. Muuza nyama mmoja alimfunua ng'ombe mdomo, akamminya tumbo, akatikisa kichwa.

"Kaka, huyu ni bibi. Mimba yake ni ya kabichi. Nakupa laki moja na nusu, kwa huruma."

Mbaruku akakataa kwa hasira, akaendelea kuvuta kamba mpaka kwenye cherehani ya Siti, akasimulia yote. Kwa mara ya kwanza hakuongeza neno. Siti alicheka mpaka akaufuta uso kwa kitambaa cha mteja.

"Mahari utaanza upya," alisema alipoweza. "Lakini baba akiniuliza kazi yako, leo ninayo ya kumtajia. Mfugaji."

Simu ikalia. Ujumbe wa Mama Evelyn.

"Mwanangu, ng'ombe wangu hufungwa bandani tangu wanazaliwa. Hatua ya tatu ni ukuta. Sikutaka mashine yako isemwe ni mwongo, ndiyo maana nimempa Malkia nafasi ya kutembea. Nakuombea."

Mbaruku akainama, akaigeuza saa shingoni mwa ng'ombe. Hatua 6,018. Malkia alikuwa akicheua, vizuri sana.