Tai Asiyegeuza Shingo

Jumatatu, 12 Januari
Baridi. Tai sifuri. Siku ya sita! Abiria themanini wa treni yetu ya watalii wamekodolea macho majabali na mipungate hadi macho yakawatoka machozi, nami kwenye kipaza sauti nawasimulia mto. Mto wameuona. Marlys, mwongozaji mwenzangu wa behewa la nyuma, kawaonyesha watu wake tai wawili, kisha kaniambia niendelee tu kuhubiri, mzee. Bosi wetu, Bi. Pruitt, kaniita pembeni: nisipoonyesha tai kufikia Ijumaa, kipaza sauti anapewa Marlys. Miaka kumi na tisa nimekishika! Nimechoka hata kukasirika.

Jumanne, 13 Januari
Nimekata tai wa plaiwudi. Kichwa cheupe, kwa rangi iliyobaki ya mlango wa choo. Nimempigilia misumari juu ya mti mkavu, ng'ambo ya mto. Goti limegoma.

Jumatano, 14 Januari
Ushindi! Makofi! Bibi mmoja wa Tucson kalia. Marlys kamtazama kwa darubini muda mrefu mno, kasema tai wangu mtulivu kweli. Wivu tu.

Alhamisi, 15 Januari
Balaa. Kuna Bwana Ostrander, mstaafu anayejitolea kuhesabu tai kila Januari. Jana alikuwamo, leo kapanda tena. Anasema ni tai yuleyule, tawi lilelile, hajageuza shingo. Lazima amekula sumu. Nikamwambia tai hulala sana. Akauliza kazi hii nimeifanya miaka mingapi. Kapiga simu.

Ijumaa, 16 Januari
Treni imesimamishwa korongoni. Askari wawili wa wanyamapori, ngazi, blanketi. Wakataka mtu anayejua pa kuvukia mto. Marlys akanitaja, kwa ukarimu wake! Nimevuka maji ya barafu hadi kiunoni kwenda kumwokoa ndege niliyempigilia misumari mwenyewe. Abiria wakasali. Askari akapanda, akambembeleza, akamfunika taratibu. Kisha akamgonga kama mlango.

Marlys akapaza sauti toka ng'ambo: "Anapumua, mzee?"

Bi. Pruitt alinyoosha mkono tu, nikampa kipaza sauti.

Jumatatu, 19 Januari
Nauza kakao behewa la mwisho. Nimewaza wikiendi nzima na kosa nimeliona: hakutikisika. Basi safari hii nitakata kulungu wa plaiwudi, shingo ya springi, upepo ufanye kazi. Mchana abiria wangu wote walirukia dirisha la kushoto wakipiga mayowe. Tai watatu, wanasema, karibu kabisa na kioo. Sikugeuka. Nilikuwa napima shingo.