Herufi Nne za Chuma

Jumatatu, 14 Julai 2025
Nimelamba dume. Timu ya mpira ya hapa Machochwe imevunjika, nami nimenunua herufi za chuma zilizokuwa mlangoni kwao: T, E, A, M. Ukizigeuza zinasomeka MEAT, yaani nyama. Bucha yangu mpya imepata jina kwa bei ya kutupa! Jumamosi Mama Agustina anakuja kutoka Nyanungu kuikagua. Amesema hatamtoa binti yake Scholastica kwa mwanamume asiye na kazi ya kuonekana. Basi ataiona, tena kwa Kiingereza.

Jumanne, 15 Julai
Konstantino, mwenye bucha ya ng'ambo ya barabara, ameamka na ubao wa MEAT. Mwizi. Scholastica akashauri niandike NYAMA tu. Nikamweleza kwa upole kwamba NYAMA ina A mbili, mimi ninayo moja. Akaenda zake. Nadhani alielewa.

Jumatano, 16 Julai
Nimeazima kamusi. TAME: aliyefugwa. Herufi zilezile! Hapa jirani na hifadhi watu wanaogopa kuuziwa nyumbu. Nimepigilia TAME. Konstantino atajuta.

Alhamisi, 17 Julai
Wamekuja askari wawili wa wanyamapori. Wakauliza, kama hii ndiyo ya kufugwa, ile isiyofugwa nimeificha wapi. Wamepekua hadi uvunguni mwa kitanda. Wakapata nusu mbuzi na soksi niliyoitafuta tangu Pasaka. Sikuuza hata utumbo. Konstantino aliwaletea viti.

Ijumaa, 18 Julai
Kamusi tena. MATE: mwenzi, hata mwenzi wa ndoa. Nusura nilie. Mama mkwe atakuta nia yangu imeandikwa juu ya mlango. Nimetumia misumari ya inchi nne.

Jumamosi, 19 Julai
Nilisahau kwamba Mama Agustina hajui Kiingereza. Alishuka kwenye bodaboda, nikampa shikamoo, yeye akawa anasoma juu ya mlango: ma-te. Akauliza ni ya nani. Nikadhani anaulizia bucha. Nikasema kwa fahari ni yangu mwenyewe, na leo ataonja yeye kwanza.
Akaziba pua kwa khanga, akavuka barabara, akanunua maini kwa Konstantino. Scholastica alimbembeleza sana, ndipo nikapewa wiki moja. Akirudi akakuta mate mlangoni, binti ataolewa kwingine. Nimeumia, sifichi. Nampenda yule msichana.

Jumapili, 20 Julai
Nimefikiri tangu asubuhi, nimegundua kosa. Herufi zilikuwa chache. Scholastica amekuja na kopo la rangi na brashi, bado anang'ang'ania NYAMA. Nimemrudisha nazo. Kuna saluni imefungwa, nimenunua S yao. Kamusi inasema S mwishoni huleta wingi. Sasa hakuna atakayesoma mate tena. MATES: wenzi wa ndoa, wengi.
Safari hii sibahatishi. Nimemwalika mwalimu wa Kiingereza aje kumtafsiria Mama Agustina.