Fundi Mdomo na Kasha Jeupe

Fundi Mdomo alipomsikia mshona sare akilalamika kwa muuza nyuzi, njaa yake ya siku mbili ilipiga makofi. Mama yule alikuwa na mashine ya kutarizi nembo, kompyuta mpya, na programu ya zamani ya michoro iliyogoma kufunguka kwenye hiyo kompyuta mpya. Nembo mia mbili za shule zilitakiwa Ijumaa, na hiyo ilikuwa Jumatano.

"Pole, mama," akasema akijipenyeza, laptopu begani. "Ugonjwa huo nautibu mimi."

Na tiba aliijua, tusimwonee. Unabofya programu, unachagua iendeshwe kama kwenye mfumo wa zamani, basi. Kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini watu wa aina yake huona haya kula jasho lao maadamu la wenzao lipo.

Karakanani, katikati ya vipande vya vitambaa na makopo ya vifungo, palikuwa na kioo mezani na kando yake kasha jeupe la kompyuta linalong'aa. Mama akabofya. Kioo kikaandika: programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye mfumo huu.

"Umeona? Mfumo mpya haumjui huyu mzee. Lazima watambulishwe taratibu. Nipe kasha, siku mbili maabara." Maabara yenyewe ilikuwa kitanda chake cha kupanga.

"Huwezi kufanya hapahapa, mwanangu?"

"Kwenye vumbi hili la nyuzi? Thubutu!"

"Basi niachie amana. Hiyo laptopu yako."

Mdomo akasita. Laptopu ile kuukuu, yenye mfumo wa enzi zile, ndiyo iliyokuwa jembe lake; bila hiyo hakuna ambaye angemwita fundi. Lakini kasha lile sokoni lingemnunulia laptopu tatu. Akaandika hati mwenyewe, kwa mbwembwe: atarudisha kasha likiendesha programu ya zamani, la sivyo amana ni ya mama. Akatia sahihi yenye mikia miwili.

Moja kwa moja kwa mnunuzi wa vyombo vilivyotumika. Mnunuzi akalipima kasha kwa mkono, akakunja uso, akachukua bisibisi. Ndani mlikuwa na nusu tofali iliyofungwa kwa matambaa.

"Kaka, unauza nyumba kidogokidogo?" akauliza.

Mdomo alirudi mbio, kasha kwapani. Alimkuta mama ameinamia mashine, nembo zinatoka moja baada ya nyingine. Laptopu yake ilikuwa imeunganishwa, programu ya zamani imefunguka humo kama iko kwao.

"Mama, umenipa tofali!"

"Si ulikwenda kuwatambulisha? Bisibisi ya nini?"

"Lakini kioo kiliwaka!"

"Fuata waya."

Akaufuata. Ulipita chini ya meza, ukapenya chini ya pazia, ukaishia kwenye kompyuta mpya ya kweli chumba cha pili. Fundi mzima, alitazama windo asitazame waya.

"Hilo kasha aliniachia fundi aliyekutangulia," mama akasema. "Alikomba matumbo yote akaondoka. Wewe nilikuomba ufanye hapahapa. Ungeshika kipanya, ningekulipa."

"Nashika sasa!" Akarukia kompyuta ya chumba cha pili, akabofya, akachagua, na programu ikafunguka. "Tazama! Ni dakika moja tu! Nipe laptopu yangu."

"Dakika moja," mama akarudia polepole. "Na ulitaka siku mbili. Ahsante, mwanangu." Akaikunjua hati. "Sasa liwashe kasha, nione linavyoiendesha."

Mdomo akalitazama tofali. Akalitua kasha sakafuni, akaushika mlango. Jembe limekwenda, na kazi aliyokataa kuifanya kwa malipo ameifanya bure.

Nje mlangoni akakutana na tapeli mwenzake, laptopu begani, pua juu.

"Vipi, humo kuna kazi?"

Mdomo akafuta jasho.

"Ipo tele, ndugu yangu. Yule mama hajui kitu."