Kitanda cha Juu Katika Chumba Nilimozaliwa

Albano Seixas Quintela
Jengo la tatu, ghorofa ya tano, mtaa wa mlimani
Porto, 4 Juni 2025

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Kata,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, na kwamba goti lililofanyiwa upasuaji sasa linakuruhusu kushuka mtoni kwa miguu, maana haya ninayokuandikia huonekana vizuri zaidi kwa mtu anayetembea.

Nilizaliwa Februari 1946 katika nyumba nyembamba ya ukingoni mwa mto Douro, ghorofa ya tatu, chumba kinachotazama maji. Mwaka 1977 wakubwa wa wakati huo walituhamisha, familia zote nne za nyumba ile, wakatuleta huku juu kwa muda, ili nyumba zikarabatiwe. Karatasi ninayo, na imeandikwa hivyo: "kwa muda". Nilisahihisha maandishi gazetini miaka thelathini na minne, na sijapata kuona maneno mawili mafupi yakifanya kazi ndefu namna hii. Tangu hapo nimesubiri kuitwa. Miaka arobaini na minane, haijaja hata barua moja.

Nyumba ilikarabatiwa. Leo ni hosteli ya vijana wanaozunguka Ulaya na mabegi mgongoni. Mwezi Septemba binti yetu Lurdes anatuchukua, mimi na mke wangu Graciete, tukaishi naye Lyon, Ufaransa, na kwa umri wetu hiyo ni safari ya kwenda tu. Kabla ya hapo nataka kulala wiki moja katika chumba kile. Sina haja nyingine duniani. Nimezuiwa, na malalamiko yangu ni haya:

1. Nilikwenda mapokezini Jumanne, nimevaa tai, nikaomba kitanda. Binti aliyekuwa zamu, anaitwa Matilde, ana adabu sana, alinitazama kwa huruma. "Mzee wangu, mwisho wetu ni miaka thelathini na mitano. Si mimi ninayekataa, ni kompyuta."

Nikamweleza kwamba chumba namba nne ndimo nilimozaliwa.

"Namba nne? Ah, basi wewe zamu yako ulishaipata!" Akacheka, akanipa peremende. Niliila palepale, ili aone kwamba sina kinyongo.

2. Suala la nguo za kuanika. Wageni hupenda kupiga picha kamba za nguo zilizovuka vichochoro vyetu, na kwa kuwa wenye nguo tulihamishwa, hosteli imeanika zake. Nimezichunguza kwa wiki sita. Ni shuka tatu, aproni moja, na suruali ndefu ya ndani ya kiume, ya sufu, ambayo haijaanuliwa tangu Aprili. Imenyeshewa mara kumi na moja. Mheshimiwa, hakuna mwanamke wa ukingo ule aliyewahi kuacha nguo ya ndani ya mumewe mvuani. Angesemwa hadi ng'ambo ya mto. Mimi mwenyewe nimewahi kuitwa kutoka kazini nikaanue. Naomba baraza liiagize hosteli imwajiri mtu wa kuona haya.

3. Kila asubuhi hufika mlangoni kijana wa kutembeza watalii, mwenye mwavuli wa njano, akawaambia wageni kwamba nyumba hii ilikuwa ya tajiri wa mvinyo aliyekufa kwa mapenzi. Nyumba ilikuwa yetu wapangaji wanne, na chini kulikuwa na fundi viatu. Aliyefia mle ni mjomba wangu Zeferino, aliyeteleza ngazini amekumbatia kabichi. Nilipaza sauti nikasahihisha, kama ilivyokuwa kazi yangu. Wageni wakapiga makofi. Mmoja, Mdenishi mrefu, akaniuliza kwa heshima onyesho la pili ni saa ngapi.

Yule wa mwavuli akaninong'oneza, "Babu, hiyo ya kabichi ni nzuri, lakini wananunua mvinyo, hawanunui kabichi."

4. Hili ndilo zito kuliko yote, na lingetangulia kama nisingekuwa na hasira ya suruali. Nimewachunguza wasafiri hawa ili nijue wana sifa gani ambazo mimi sina. Wanabeba mali zao mgongoni: mimi nilipanda mlima huu na cherehani ya Graciete mgongoni, ngazi mia mbili na arobaini, naye nyuma ananiambia, "Usiiinamishe, mafuta yatamwagika!" Wanalala mahali ambapo si kwao: nami vilevile, na kwa mujibu wa karatasi yenu. Hununua kidogo kidogo kwa kuwa hawajui wataondoka lini: sisi hatujawahi kununua kabati, kwa sababu kabati halipiti kwenye ngazi za kule chini. Nguo zetu zinakaa katika masanduku tangu 1977. Yule Mdenishi yuko njiani miezi minne, na watu wanamsikiliza. Mimi niko njiani miaka arobaini na minane, Mheshimiwa, na kompyuta inasema sifai.

Kwa hiyo naomba:

Kwanza, baraza linipe cheti cha msafiri wa begi, chenye mhuri.

Pili, umri wangu urekebishwe. Hesabu ni rahisi. Nilipoondoka nilikuwa na miaka thelathini na mmoja. Miaka iliyofuata ilikuwa ya muda, na jambo la muda haliwezi kuzeesha mtu moja kwa moja. Nina miaka thelathini na mmoja. Nywele nitazieleza mwenyewe pale mapokezini.

Tatu, nipewe kitanda cha juu, karibu na dirisha la mtoni, na cha chini apewe Graciete, ambaye kwa hesabu hiyohiyo ana miaka thelathini. Bado sijamwambia, lakini najua naye ameisubiri siku hii kama mimi.

Ombi hili likikataliwa, nitaona haki itendeke kwa njia nyingine: vijana wale wahamishiwe huku juu kwa muda.

Nisalimie mama watoto, na karani wako Bwana Anselmo, aliyenisaidia kupata miwani, na wajumbe wote wa baraza, pamoja na yule aliyelala nilipokuwa nazungumza mkutanoni mwezi Machi. Sote huku wazima, ila lifti.

Mimi, kwa heshima na kwa subira iliyothibitishwa,

Albano Seixas Quintela

Nyongeza: Nilimsomea Graciete barua hii kabla ya kuifunga, aridhie sehemu ya kitanda chake. Alikuwa anamenya viazi. Nilipofika pale niliposema haijaja hata barua moja, akaweka kisu chini.

"Ilikuja, Albano. Mwezi wa tatu, sabini na tisa. Wakasema nyumba tayari, turudi."

Nikamuuliza nani aliijibu.

"Wewe. Sahihi yako naiandika vizuri kuliko wewe. Nimepandisha ndoo za maji ghorofa tatu miaka kumi na moja, na kila majira ya baridi mto unaingia kwa fundi viatu. Wewe ulikuwa unautazama dirishani, unasema unavyopendeza. Huku nikafungua bomba, maji yakatoka moto. Ungekuwa mimi ungerudi?"

Miaka yote hii nilijua nimefukuzwa, kumbe nilihama, tena kwa hiari, kwa maandishi, nikiwa na miaka thelathini na mitatu. Kwa hiyo lalamiko namba nne ulifute, na mimi nina miaka sabini na tisa.

Graciete anasema niende nikalale huko wiki yangu, yeye haachi bafu lake. Basi ombi ni kitanda kimoja, cha chini. Kama utaona vema kunijibu, tafadhali mtume Bwana Anselmo aje anipe mkononi. Barua za posta hapa hufunguliwa na Graciete.