Mwenye Habari Zote za Kamina

Ferdinand aliuona ubao kabla hajaiona mikate. Hilo linatosha kueleza tabia yake, maana asubuhi hiyo alikuwa na njaa ya siku mbili.

Mwaka huo wa vita, 1999, treni ilifika Kamina ilipopenda, na magazeti hayakufika kabisa. Kwa hiyo kila alfajiri Mathilde, mjane wa dereva wa treni, alisikiliza redio ya ng'ambo, kisha akaandika habari kwa chaki kwenye ubao karibu na stesheni, kwa maneno yake mwenyewe. Watu walikuja kusoma, wakanunua mikate yake ya mafuta. Nyuma ya ubao ilisimama baiskeli ya marehemu, safi, haina hata doa la kutu. Ferdinand alihitaji kuondoka mjini upesi. Huko Likasi walikuwa wakimtafuta kwa mambo yasiyotuhusu.

Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi kama ofisa.

"Mama, hii habari iko ya nani?"

"Ya redio, bwana."

"Voilà! Na droit d'auteur, haki ya mwenye kuandika? Habari iko na mwenyewe, sawa vile shamba. Weye unavuna bure."

"Lakini minyi mwenyewe nabadilishaka maneno."

"Ukipaka mbuzi ya jirani rangi, inakuwa yako?"

Sheria hulinda maneno ya mtunzi; tukio lenyewe halina mwenyewe. Ferdinand alilijua hilo vizuri, na ndiyo sababu alizungumza haraka.

"Redio walinipa droit ya Kamina nzima," alisema. "Nibebe redio yako, ao unipe ile baiskeli, nikupe ruhusa."

Mathilde, aliyekuwa karani wa shule ya Wamethodisti kwa miaka kumi na mmoja, alifuta unga mikononi.

"Andika kwanza. Andika weye njo mwenye habari zote za Kamina."

"Zote?"

"Hata ya jana. Kesho mwingine asikuje kunisumbua."

Ferdinand hakuwahi kumilikishwa mji mzima kabla ya saa mbili asubuhi. Aliandika, akatia sahihi, akagonga mara tatu mhuri aliouchonga katika soli ya kandambili.

"Rudi saa sita," Mathilde akamwambia. "Pneu ya baiskeli haina upepo."

Saa sita karatasi ilikuwa imetundikwa juu ya ubao. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu, koti la kaki hadi magotini, mikono nyuma. Alikuwa akisoma kwamba mji mmoja wa kaskazini umeanguka mikononi mwa waasi.

"Nani njo mwenye hii habari?"

Mathilde alinyoosha chaki. "Ule. Alitia na mhuri."

Mwanamume alisoma karatasi polepole. "Zote. Hata ya jana. Basi njo weye ulisema mji umeanguka?"

Ferdinand alilitazama lile koti la kaki, akawaza kilichowapata watu waliotangaza kushindwa kwa jeshi.

"Mon commandant! Habari haina mwenyewe! Kitu ikishatokea, iko ya watu wote! Huyu mama aliandika maneno yake, yake kabisa!"

"Andika vile," mwanamume akasema.

Aliandika. Mhuri ulitoka vizuri sana. Mathilde aliitundika karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza, akasukuma baiskeli ndani ya nyumba yake.

"Basi hata mkate moja, mama?"

"Mikate iko na mwenyewe," Mathilde alisema.

Alasiri treni ya mizigo ikapenda kuondoka. Ferdinand alijificha kwenye behewa la mahindi lililoelekea Kaniama. Njiani mlango ukafunguliwa, likaingia koti lilelile, safari hii pamoja na kofia ya reli na koleo la kutoboa tiketi. Wafanyakazi wa reli walimwita papa Nahum, yaani baba Nahum.

"Tiketi."

Ferdinand alimkodolea macho. "Papa, si ulisema weye iko commandant?"

"Minyi? Weye njo ulisema. Minyi niliuliza tu habari." Nahum aliuma mkate wa mafuta wa Mathilde, akatafuna bila haraka. "Na tiketi iko wapi?"

Alimshusha kilomita thelathini kabla ya Kaniama. Pale hapakuwa na baiskeli, wala ubao, wala mtu wa kumsimulia habari hiyo, ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa yake kweli.